Mkalimani wa Bibi Rozina

Hepp Vendel alikuwa fundi wa mapaa, na hapa kwetu Szilkút, kijiji cha Hungaria, hakuna nyumba ambayo hajaikanyaga utosini. Akiwa juu ya vigae alikuwa anaimba. Sauti yake nzito ilishuka hadi kwenye mizabibu ya mteremkoni, na mtu akiisikia alisema, "Vendel leo yuko kwa akina Gungl," bila hata kuinua kichwa. Aliimba nyimbo za Kiswabi, kile Kijerumani cha mababu zetu waliohamia Hungaria, zile zile tulizoimba kwenye kwaya. Wageni kutoka Ujerumani, waliokuja kila kiangazi kutazama nyumba walizofukuzwa wazazi wao, walisimama barabarani wakimsikiliza na kufuta macho.

Alichokuwa akikiimba hakukielewa hata nusu. Hilo tulilijua, ila hatukulisema. Mimi nilisimama nyuma yake kwenye kwaya miaka mingi, na niliona jinsi alivyojiandikia maneno ya nyimbo kwa namna yanavyosikika, kama mtu anayenakili milio ya ndege. Hakuwa peke yake. Sisi tuliozaliwa baada ya vita tulilelewa na mama waliopiga soga kwa Kiswabi jikoni, na tukifungua tu mlango wananyamaza, kisha wanaendelea kwa Kihungaria kilichovunjikavunjika. Tulidhani ni mambo ya wakubwa. Kumbe mwaka 1946 serikali ilikuwa imewapakia nusu ya kijiji kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Ujerumani, nchi ambayo hata babu wa babu zao hawakuzaliwa, kwa kosa la lugha iliyokuwa vinywani mwao. Waliobaki walijifunza kufunga midomo, na hawakuwafundisha watoto wao kuifungua.

Vendel alikuwa na jambo lake la utotoni ambalo alinisimulia akiwa ameshatimiza miaka sitini. Alikuwa dukani, kwenye foleni, pamoja na rafiki zake wa shule. Bibi yake akaingia, akamwita kwa Kiswabi, kwa sauti, amsaidie kubeba gunia la chumvi. Watoto wakacheka. Vendel akageuza uso akatazama makopo kwenye rafu, akajifanya hamjui yule ajuza ni nani. Bibi akasimama kidogo, akalibeba gunia lake mwenyewe, akaenda. Nyumbani hakumshtaki kwa mtu. "Afadhali angenichapa," Vendel aliniambia, na masikio yake yalikuwa mekundu kana kwamba foleni ile ilikuwa bado inamtazama.

Sasa, sheria ya nchi yetu inazipa jamii ndogo haki ya kujichagulia baraza lao, kando ya lile la kijiji. Sisi Waswabi tuna letu, la watu watatu. Si baraza kubwa, lakini lina meno. Meya hawezi kuigusa chekechea yetu ya Kijerumani bila ridhaa yake. Kwa miaka mingi liliongozwa na mwalimu mstaafu Kornélia, aliyekijua Kiswabi mpaka cha matusi. Alipofariki, na uchaguzi unakaribia, hapakuwa na wa kushika nafasi yake. Jioni moja ya Septemba Gungl Ottó, mkulima wa zabibu, na Hedvig wa dukani walimfuata Vendel kwenye ghala lake la divai.

"Vendel," Ottó akaanza, "wewe ndiye sauti ya Waswabi hapa."

"Sauti ninayo. Maneno ndiyo sina."

"Nani anayo? Mimi?"

"Mgombea lazima atangaze kwamba ni mtu wa jamii hii," Vendel akasema, "na kwamba anaijua lugha yake. Na atie saini. Nimeuliza."

Hedvig akacheka. "Haya, si utie! Nani atakuja kukufanyia mtihani? Sheria haina mtihani, nimeuliza mimi pia. Bila sisi watatu chekechea inafungwa mwaka kesho, wajukuu wako wataamkia kwenye basi la kwenda kijiji kingine. Unataka hivyo?"

Gizella, mkewe Vendel, aliyekuwa akikata mkate na mafuta ya nguruwe mezani, akasema bila kuinua macho, "Mtu hatii saini kitu asicho nacho."

"Mama Gizella, usituletee mahubiri," Ottó akamwambia. "Ni kwa faida ya watoto."

Vendel akatia saini. Akapata kura nyingi kuliko wote, kwa sababu kila mtu alimpenda. Wakamfanya mwenyekiti. Wiki ile nzima watu walimwita kutoka madirishani, "Bwana Mwenyekiti, paa langu linavuja kwa Kijerumani!" naye alicheka, akapunga kofia. Nadhani aliona raha. Ni nani asiyependa kuitwa mwenyekiti kidogo?

Januari iliyofuata Bibi Rozina alipatwa na kiharusi.

Rozina alikuwa na miaka themanini na mitano, mjane, akiishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho kabla ya kanisa. Binti yake wa pekee, Márta, alikuwa anafanya kazi kwenye duka la dawa huko jijini, na alikuja kila Jumapili. Kiharusi kilimwachia yule bibi mkono mmoja na macho yote mawili, lakini kilifanya jambo la ajabu: kilimfuta Kihungaria. Chote. Alichozungumza kwa miaka sabini kikatoweka, ikabaki ile lugha ya utoto wake. Akawa anaongea Kiswabi mchana na usiku, haraka, kwa ulimi uliolemaa, na hospitalini hakuna aliyemwelewa.

Márta alikuja nyumbani kwa Vendel bado amevaa koti jeupe la dukani.

"Kaka Vendel, nisaidie. Mama ananitazama usoni anaongea, anaongea, na mimi mwanawe sielewi. Nimempeleka mwalimu wa chekechea, lakini Kijerumani chake ni cha vitabuni, wala mama hamwelewi wala yeye hamwelewi mama. Wewe ni mwenyekiti. Njoo."

Hapo ndipo angesema ukweli. Aliniambia baadaye kwamba neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Márta alikuwa ameshashika kitasa cha mlango, ana hakika kabisa atafuatwa, naye Vendel akajikuta anatafuta viatu.

Hospitalini aliinama kando ya kitanda akamsalimu mgonjwa kwa maneno aliyokuwa nayo, yale ya kufungulia tamasha la kwaya: siku njema, karibuni, Mungu akubariki. Uso wa Bibi Rozina ulifunguka kama dirisha. Akamshika mkono kwa ule wake mzima, akaanza kumwaga maneno. Wauguzi wakasimama mlangoni wakatabasamu.

"Anasemaje?" Márta akauliza.

Vendel akamgeukia. "Anasema... anashukuru umekuja. Anasema usichoke."

Márta akalia kwa furaha. Basi, nani angemrudishia machozi yale? Alikwenda mara ya pili, na ya tatu. Kila alipoketi pale, Bibi Rozina alimng'ang'ania mkono, naye alitunga maneno mazuri: anawasalimu majirani, anauliza kama kuku wamelishwa. Vitu ambavyo bibi yeyote angeweza kusema. Alijiambia kwamba hamdhuru mtu. Lakini nyumbani aliacha kuimba, na Gizella hakumuuliza kwa nini.

Mara ya nne ndiyo ile. Daktari alisema mgonjwa hawezi kukaa tena peke yake. Márta alikuwa amepata nafasi kwenye nyumba ya wazee mjini, nafasi ambayo watu huisubiri miaka. Ilikuwa lazima ajibu siku ile ile.

"Muulize, kaka," akasema. "Siwezi kumpeleka bila yeye kukubali. Nyumbani sina wa kumwangalia, nikiacha kazi tutakula nini? Lakini akikataa, nitaacha. Muulize taratibu."

Vendel akamgeukia mgonjwa. Alijua maneno mawili matatu: nyumba, mama, nzuri. Akayasema hayo. Bibi Rozina akamtazama muda mrefu. Kisha akaanza kuongea kwa sauti ya chini, na machozi yakamtiririka hadi masikioni, kwa sababu alikuwa amelala chali. Alimkaza vidole mpaka vikamuuma. Katika maneno yote yale Vendel alilikamata moja tu, "nyumbani", kwa kuwa limo katika kila wimbo wa Kiswabi. Lakini nyumbani vipi? Aende? Asiende? Amechoka na nyumbani? Hakujua. Akamtazama Márta. Uso wa Márta ulikuwa wa mtu ambaye hajalala wiki tatu, na uso ule ulikuwa unaomba jibu la namna moja tu.

"Anasema ufanye uonavyo," Vendel akasema. "Hana kinyongo. Anakuelewa."

"Mbona analia?"

"Wazee hulia," akajibu.

Wakampeleka Bibi Rozina kwenye nyumba ya wazee.

Machi, Márta aligundua kati ya karatasi za mama yake anwani ya mjomba wake Jakab. Huyu alikuwa mdogo wake Rozina, aliyepakiwa kwenye treni ya 1946 pamoja na wazazi wao akiwa na miaka kumi na miwili. Rozina hakupakiwa. Siku ile alikuwa mtumishi kwenye kijiji cha Wahungaria, na tajiri wake alimficha. Dada na kaka walionana mara moja tu tangu hapo. Márta akamwandikia kwa msaada wa mwalimu wa chekechea, na jibu likaja kwamba mzee anakuja, peke yake, kwa treni.

Márta akamfuata Vendel tena. "Mjomba wangu wa damu, na sitaweza hata kumwambia karibu. Utatufasiria, eti kaka?"

Vendel akasema kifua kinambana. Márta alipoondoka, Gizella akafunga mlango.

"Kifua ni kizima," akasema. "Kama huendi, waambie kwa nini huendi. Na kama huwaambii, nenda. Katikati hapakaliki."

Akaenda stesheni na Márta. Jakab alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya manyoya na mkongojo, mwenye macho makali kama ya dada yake. Alipoambiwa kwa ishara kwamba huyu ndiye mwenyekiti wa Waswabi wa Szilkút, alivua kofia, akamshika Vendel mabega, akamwambia jambo refu, sauti ikitetemeka. Vendel akatabasamu. "Ndiyo, ndiyo," akasema kwa Kiswabi. Ndani ya gari mzee akauliza kitu. "Ndiyo, ndiyo." Akauliza kingine. "Ndiyo, ndiyo." Baada ya hapo mzee alinyamaza, akawa anamtazama Vendel kisogoni njia nzima.

Bibi Rozina walimkuta dirishani, kwenye kiti cha magurudumu, amevaa koti la kutokea nje na kitambaa kichwani. Mapajani alikuwa na bunda lililofungwa kwa shuka.

"Kila asubuhi ni hivi," muuguzi akasema. "Kwa mkono mmoja anavuta nguo zake zote anazifunga kwenye shuka. Tukizifungua analia. Siku hizi tunamwachia."

Jakab akaburuta kiti akakaa mbele ya dada yake. Akamwita kwa jina la utotoni. Bibi Rozina hakumtambua, lakini aliposikia lugha alishtuka, akainama mbele, akaanza. Maneno yale yale. Vendel alikuwa ameshayasikia mara nyingi kiasi kwamba aliujua mpando na mshuko wake, kama wimbo. Akaona uso wa Jakab unabadilika rangi. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka akamuuliza Vendel swali.

"Ndiyo, ndiyo," Vendel akasema.

Jakab akauliza tena, polepole, neno moja moja, kama unavyomsemesha mtoto. Vendel akafungua mdomo, ukabaki wazi. Hapo yule mzee akatafuta katika kumbukumbu zake, akatoa Kihungaria alichoondoka nacho darasani miaka karibu sabini nyuma.

"Wewe," akasema. "Wewe hujui."

Márta akawatazama wote wawili. "Hajui nini?"

Vendel angeweza kujitetea. Angeweza kusema Kiswabi cha Ujerumani kimebadilika, au masikio yake mabovu. Aliniambia kwamba yote hayo yalimpitia kichwani kwa mpigo mmoja, na kwamba lililomzuia si ujasiri. Alikuwa amechoka tu.

"Sijui Kiswabi, Márta," akasema. "Sijawahi kukijua. Najua nyimbo."

"Na yale uliyoniambia hospitalini?"

"Niliyatunga."

"Yote?"

"Yote."

Márta alikaa kitandani. Hakupiga kelele, na Vendel alisema angelipa chochote apigiwe kelele. Akamgeukia mjomba wake akamwonyesha mama yake kwa kidole, kisha mdomo: anasemaje? Jakab akaelewa. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaanza kufasiri kwa maneno yake ya kitoto, akisimama kila baada ya neno.

"Dada anasema: afande, tafadhali. Treni hapana. Mimi mtoto mzuri. Mimi nanyamaza. Kiswabi hapana tena, hapana kabisa, Kihungaria tu, mimi najifunza. Mimi nafanya kazi. Afande, mimi niache nyumbani." Akavaa tena miwani. "Kila mara hii. Mwisho, mwanzo, mwisho, mwanzo."

Kwa hiyo huo ndio ulikuwa ujumbe. Kwa majuma yote yale mama wa watu alikuwa anamsihi Vendel, ambaye kwa macho yake alikuwa afande wa mwaka 1946, asimpakie kwenye behewa. Na alikuwa anamwahidi, kwa Kiswabi, kwamba hatasema Kiswabi tena. Na Vendel alimpigapiga mkono, akageuka, akatangaza kwamba amekubali kwenda.

Márta akainuka. Akalichukua bunda lile kutoka mapajani mwa mama yake, akaliweka begani, akashika mishikio ya kiti cha magurudumu.

"Twende nyumbani, mama," akasema kwa Kihungaria, na Jakab akalirudia kwa Kiswabi.

Garini palikuwa na nafasi ya mtu wa nne. Hakuna aliyemwambia Vendel apande, naye hakuomba. Alirudi na basi la jioni, amesimama, ingawa viti vilikuwa vitupu.

Wiki ile ile aliitisha kikao cha baraza, akawaambia wenzake anajiuzulu na atasema sababu hadharani. Ottó akashika kichwa.

"Una wazimu? Unataka kutuumbua wilaya nzima?"

"Nataka kujiumbua mimi."

"Na sisi je?" Hedvig akauliza. "Saini yako haikuwa peke yake pale. Ukisema wewe, mtu wa kwanza ataniuliza mimi: na wewe Hedvig, sema basi kitu."

Kisha Ottó akasema, "Mimi naweza kuhesabu mpaka ishirini. Na kutukana." Wakacheka wote watatu, kicheko cha pumzi moja, kikafa.

Kila mwaka baraza hufanya mkutano wa hadhara, sheria inadai hivyo, na kwa kawaida tunakwenda watu kumi kwa ajili ya divai na vitumbua vya mafuta ya nguruwe. Safari hii ukumbi ulijaa, kwa kuwa habari ilikuwa imeshapita uani. Vendel alisimama mbele na koti lake la harusini, akaeleza yote, bila kupamba. Aliposema "nilitia saini kwamba ninaijua lugha yetu, na siijui," sauti yake kubwa ilitoka nyembamba, tukalazimika kutega masikio.

Ndipo mtu mmoja nyuma akaita, "Kaa chini, Vendel! Nani humu anaijua?"

Watu wakacheka, kwa upole. Mwingine akapiga makofi, wakaitikia wengi. Bibi mmoja akamwambia, "Mwanangu, ulikuwa na nia njema." Tulidhani tunamfariji. Vendel alitutazama kama mtu aliyepigwa kofi, akachukua kofia yake, akatoka kabla ya divai kumiminwa.

Nilimkuta siku ya pili kwenye ua wake, unaopakana na wangu. "Mmenisamehe upesi mno," akaniambia juu ya uzio. "Mmenisamehe kwa sababu na nyinyi mna doa hilo hilo. Msamaha wa namna hiyo haunioshi."

Nilijifanya nafunga kamba ya kuanikia nguo.

Hakupata hata kujiuzulu vizuri. Hapakuwa na mgombea wa akiba, na wangebaki wawili baraza lingevunjika. Akampisha Hedvig uenyekiti, yeye akabaki mjumbe. Kila aliponyoosha mkono kupiga kura juu ya chekechea, aliunyoosha nusu.

Bibi Rozina aliishi nyumbani kwake mpaka baada ya Pasaka. Márta alichukua likizo bila malipo, na mzee Jakab akakataa kurudi Ujerumani. Alilala jikoni kwenye kochi, akawa anamsemesha dada yake kutwa kucha, na bunda la nguo halikufungwa tena. Jumapili moja Gizella alioka keki ya mbegu nyeusi, akamtia Vendel mkononi, akamsukuma nje ya lango. Vendel aliporudi alikuwa ameduwaa.

Kumbe Bibi Rozina alimfurahia. Alimnyooshea mkono kama kwa rafiki wa zamani, akamkalisha kando yake. Labda alimsahau yule afande. Labda alikumbuka tu kwamba huyu ndiye mtu wa kwanza hospitalini aliyemwambia siku njema kwa lugha yake. Vendel hakuweza kuutoa mkono wala kuuacha pale. Márta alipita akachukua keki, akasema ahsante, hakumletea glasi ya divai. Kwetu mgeni asiyeletewa glasi anajua alipo.

Ni Jakab aliyemsemesha. Kihungaria chake kilikuwa kimerudi kidogo.

"Mama yako nani?"

"Hepp Lisi. Kabla ya ndoa, Wiandt Lisi."

Mzee akapiga goti lake. "Wiandt Lisi! Darasani mbele yangu! Kelele! Ajaj, kelele! Mwalimu anasema, Lisi, nyamaza, kuku wananyamaza, wewe hunyamazi!" Akacheka mpaka akakohoa. "Kila siku hadithi. Sisi wote chini, tunacheka, tumbo linauma."

Vendel alisema alifikiri mzee amemchanganya na mtu mwingine. Mama yake hakuwa mwanamke wa hadithi. Alikuwa mwanamke wa "ndiyo", "hapana" na "kula kabla hakijapoa". Katika maisha yake yote hakumsikia akimaliza sentensi ndefu. Akamwomba Jakab amsimulie hadithi mojawapo. Mzee akaanza, akasimama, akaanza upya, akatikisa kichwa. Kwa Kihungaria haikuchekesha. Akaisema kwa Kiswabi basi, na Bibi Rozina akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na kaka yake akacheka, na Vendel akakaa katikati yao akitazama vicheko viwili vilivyotoka kwa mama yake mwenyewe.

"Miaka arobaini niliishi na mwanamke yule," akaniambia. "Nilidhani ni mpole."

Baada ya mazishi Jakab alirudi kwao. Vendel aliendelea na mapaa, ila juu huko sasa alikuwa kimya, na kwenye kwaya alihamia mstari wa nyuma. Mwalimu wa chekechea alikubali kugombea uchaguzi uliofuata. Kabla ya kutia saini alikwenda kwa wazee wawili waliobaki wanaojua Kiswabi, akakaa nao majira mawili ya baridi akijifunza, na sasa yeye ndiye mwenyekiti. Vendel hakugombea tena.

Na Márta? Aliacha kazi ya jijini, akahamia nyumba ya mama yake. Alimsalimu Vendel barabarani kama unavyomsalimu postamasta. Ilipita karibu miaka miwili namna hiyo. Halafu vuli moja, Vendel akiwa anaokota kokwa za jozi chini ya mti wake, akaja kwenye lango, akasimama, hakuingia. Mimi nilikuwa upande wangu wa uzio, nikasikia.

"Kaka Vendel, nataka kukuuliza kitu kimoja, kisha sitakuuliza tena. Siku ile ya kumpeleka. Maneno hukuyaelewa, sawa. Lakini kwamba analia kwa hofu, kwamba hataki, ulilijua?"

Vendel akabaki ameinama, jozi mkononi.

"Nililijua," akasema.

Márta akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Na mimi nililijua," akasema. "Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilingoja tu mtu aniambie sivyo."

Vendel akasogeza kikapu pembeni, akaja akamfungulia lango. Márta akaingia. Akakunja mikono ya sweta, akainama chini ya mti upande wa pili, na wote wawili wakaendelea kuokota mpaka nilipoona haya ya kuwatazama nikaingia ndani.